Gesi Haiishi, Huvuja: Uchunguzi na Ukarabati wa Kiyoyozi cha Nyumbani Jijini Kisumu

Utangulizi

Kiyoyozi cha nyumbani kinapoacha kupoza chumba, kauli ya kwanza ya mwenye nyumba aghalabu huwa moja: "Gesi imekwisha." Kauli hiyo hutamkwa kwa yakini, kana kwamba kiyoyozi ni jiko ambalo mtungi wake umemalizika baada ya kupika maharagwe ya wiki nzima. Fundi huitwa, mtungi huletwa, gesi huongezwa, chumba hupoa na malipo hufanywa. Baada ya miezi kadhaa hali hurudi palepale. Mwenye nyumba hulalamika kwamba mtambo wake "unakula gesi," naye fundi asiyejali hukubaliana naye, kwa kuwa katika kukubali huko kuna ujira wa mwaka ujao.

Ukweli ni kwamba gesi ya kiyoyozi haiunguzwi wala hailiwi. Huzunguka ndani ya mirija iliyofungwa, na kiyoyozi kizima kingeweza kumaliza umri wake wote bila kuongezewa hata gramu moja. Ikiwa imepungua, basi imevuja. Na ikiwa imevuja, pana tundu.

Makala haya yanadhamiria kufafanua mambo matatu. Kwanza, yataeleza namna kiyoyozi kinavyofanya kazi. Pili, yatafuata hatua ambazo fundi makini hupitia tangu anapobisha hodi hadi anapofunga mkoba wake. Tatu, yatadokeza namna neno moja la Kiswahili, yaani "gesi," linavyoweza kumgharimu mteja fedha na kuyagharimu mazingira, jambo ambalo halina budi kuwahusu wanafunzi na wahadhiri wa lugha. Mifano yote imejengwa katika mazingira ya Kisumu na pwani ya Kenya ya Ziwa Viktoria.

Joto la Kisumu na Haja ya Kiyoyozi

Kisumu liko kando ya Ghuba ya Winam, karibu kabisa na ikweta, takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Reli ilifika hapo mwaka wa 1901, wakati bandari hiyo ikiitwa Port Florence, na mwaka wa 2001, mji ulipoadhimisha miaka 100, ulipewa hadhi ya jiji. Kati ya Januari na Machi jua huwa kali, na joto la mchana hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi au kuzipita kidogo. Unyevu utokao ziwani huongeza adha, kwa kuwa jasho halikauki upesi mwilini, na mabati ya paa huendelea kutoa joto hata baada ya magharibi.

Wakazi wengi hukabiliana na hali hiyo kwa kufungua madirisha ili upepo wa ziwa uingie alasiri, au kwa kutumia feni na pangaboi. Neno pangaboi lenyewe lina historia yake. Huhusishwa na mtumishi aliyekuwa akivuta kamba ya pazia la kupepea ndani ya nyumba za wakoloni. Mtumishi akaondoka, jina likabakia kwenye mtambo ulioichukua kazi yake. Viyoyozi navyo huonekana zaidi katika hoteli, benki, ofisi na baadhi ya nyumba za mitaa kama Milimani.

Kwa kuwa vyombo hivyo si vingi majumbani, fundi anayeitwa kukitengeneza kiyoyozi mara nyingi ni yuleyule atengenezaye majokofu. Jambo hili si kasoro. Jokofu, kiyoyozi, na hata mitambo ya barafu inayohifadhi sangara wanaovuliwa ziwani, vyote hutumia kanuni moja. Anayeielewa kanuni hiyo barabara anaweza kuvihudumia vyote. Asiyeielewa ataviharibu vyote.

Namna Kiyoyozi Kinavyofanya Kazi

Dhana ya kwanza ya kusahihishwa ni kwamba kiyoyozi hutengeneza baridi. Kiyoyozi huhamisha joto. Hulitoa chumbani na kulitupa nje, kama mtu achotaye maji kutoka kwenye mtumbwi na kuyamwaga ziwani.

Uchotaji huo hutegemea tabia inayofahamika na kila mpishi: kiowevu kinapochemka na kuwa mvuke humeza joto jingi. Maji huhitaji nyuzi 100 ili yachemke katika usawa wa bahari. Dutu inayotiwa katika kiyoyozi huchemka kwa baridi kali sana. Ile iitwayo R-22, iliyotumika kwa miongo mingi, huchemka katika takriban nyuzi 41 chini ya sifuri ikiwa katika kanieneo ya kawaida ya hewa. Kwa hiyo hewa ya chumba yenye nyuzi 28, ambayo kwa binadamu ni joto la kawaida tu, kwa dutu hiyo ni sawa na moto wa jikoni.

Safari ya dutu hiyo ina vituo vinne. Ndani ya chumba imo koili, yaani mirija iliyopindwapindwa na kuzungukwa na mapezi membamba ya alumini. Humo kiowevu huchemka, humeza joto la hewa inayopulizwa na feni, kisha huwa mvuke. Mvuke huo husafiri hadi kwenye sehemu ya nje, ambako kompresa huushindilia hadi uwe na kanieneo kubwa na joto jingi. Kituo cha tatu ni koili ya nje. Hapo mvuke hupoteza joto lake hewani na kurudia hali ya uowevu. Hatimaye kiowevu hupita katika kijia chembamba, kanieneo hushuka ghafla, na dutu huingia tena chumbani ikiwa baridi, tayari kuanza mzunguko mpya.

Kuna zao la pembeni ambalo wakazi wa Kisumu hulifahamu vyema: maji. Hewa ya ziwani ina unyevu mwingi, na inapogusa koili baridi, unyevu huo hugeuka matone, sawa na yanavyofanya matone juu ya chupa ya soda iliyotolewa kwenye jokofu. Matone hukusanyika katika kibeseni na kutolewa nje kwa mpira mdogo. Kiyoyozi kinachodondosha maji nje ya nyumba, basi, ni kizima. Kinachodondosha ndani, ukutani, kina jambo.

Kuuliza Kabla ya Kufungua

Na ichukuliwe mfano wa nyumba moja mtaani Milimani. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Anaishi na mamake mzazi, ajuza ambaye maradhi ya moyo yamemfanya asiweze kustahimili joto la Februari, na kiyoyozi cha pekee nyumbani humo kimo katika chumba chake. Kwa siku nne ajuza huyo hajapata usingizi wa kutosha. Mwalimu amekwisha kuongeza gesi mara tatu katika miaka mitatu. Safari hii amemwita fundi mwingine.

"Shikamoo mama. Habari za hapa, mwalimu?"

"Nzuri, fundi. Karibu. Gesi imekwisha tena. Umekuja na mtungi?"

"Mtungi upo, mwalimu, ila naomba nikuulize kwanza. Baridi ilikatika mara moja au ilipungua kidogo kidogo?"

"Kidogo kidogo. Tangu Krismasi."

"Na yale maji ya nje, bado yanatoka?"

"Yamepungua. Badala yake juzi yalimwagika humu ndani, karibu na kitanda cha mama."

"Umewahi kuona barafu kwenye kile chombo?"

"Naam, asubuhi. Ndipo nikajua gesi imezidi, kisha nikaambiwa imekwisha. Sasa sielewi."

Mazungumzo hayo ya dakika moja yamempa fundi habari nyingi kuliko vifaa vyote vilivyomo mkobani. Hitilafu iliyokuja ghafla huelekeza kwenye umeme: fyuzi, waya, kapasita au kompresa. Iliyokuja polepole huelekeza kwenye uchafu au mvujo. Barafu juu ya koili ya ndani huashiria mojawapo ya mambo mawili: ama hewa haipiti vya kutosha, ama dutu ya kupozea ni haba. Maji yaliyomwagika kitandani huenda ni ile barafu ilipoyeyuka, au ni mpira wa maji ulioziba. Fundi angeanza na mtungi, angekuwa ameyapuuza yote hayo.

Hatua za Kutafuta Hitilafu

Fundi makini huanza na lililo rahisi na lisilo na gharama, kisha huendelea kwa utaratibu hadi lililo gumu. Mpangilio huo humlinda mteja dhidi ya kulipia sehemu isiyohitajika.

Hatua ya kwanza ni umeme. Umeme wa majumbani nchini Kenya hukadiriwa kuwa wa volti 240. Fundi hupima kama kiasi hicho kinafika, na kama hakishuki mno kompresa inapoanza kuzunguka. Umeme dhaifu huifanya kompresa ivute mkondo mwingi, ipate joto na kujizima. Aidha, baada ya umeme kukatika na kurudi, kompresa huhitaji dakika tatu hivi ili kanieneo ndani ya mirija isawazike. Viyoyozi vingi hujicheleweshea vyenyewe. Mwenye nyumba asiyejua hilo hudhani mtambo umekufa, akawa anauzima na kuuwasha bila kuupa nafasi. Hata betri za rimoti hazipaswi kusahauliwa, kwani hitilafu nyingine huishia hapo.

Hatua ya pili ni hewa. Chujio la ndani hutolewa na kutazamwa. Kisumu lina vumbi lake, na pia lina wadudu wadogo wa ziwani wanaoibuka kwa makundi makubwa kama mawingu ya moshi, mara nyingi karibu na mwezi mwandamo, wakavutwa na taa za majumbani. Mizoga yao huziba chujio, mapezi ya koili ya nje na mpira wa maji. Chujio lililoziba huinyima koili hewa yenye joto; koili hupoa kupita kiasi, unyevu huganda juu yake, barafu huzuia hewa zaidi, na chumba hubaki na joto. Dawa yake ni maji, sabuni na subira. Kuosha chujio kila baada ya wiki chache ni kazi ya mwenye nyumba wala haihitaji fundi.

Katika nyumba ya mwalimu, chujio lilikuwa safi. Mwalimu huliosha mwenyewe kila Jumamosi. Kwa hiyo sababu moja kati ya zile mbili za barafu imeondolewa, na fundi anaendelea.

Hatua ya tatu ni kupima joto. Barafu ikishayeyuka na mtambo kuwashwa tena kwa robo saa, fundi hupima hewa inayoingia katika kiyoyozi na inayotoka. Kiyoyozi kizima kwa kawaida huonyesha tofauti ya kati ya nyuzi 8 na 12, ingawa unyevu mwingi unaweza kuipunguza tofauti hiyo. Kwa mwalimu tofauti ilikuwa nyuzi 3.

Hatua ya nne ni sehemu ya nje. Je, feni inazunguka? Je, kompresa inanguruma? Kompresa inayovuma kwa sekunde chache bila kuanza, kisha ikanyamaza, mara nyingi haina kosa. Kosa ni la kapasita, kifaa kidogo chenye umbo la kopo kinachohifadhi chaji na kuipa mota msukumo wa kuanzia. Kapasita iliyovimba huonekana kwa macho. Isiyovimba hupimwa, na kipimo chake hulinganishwa na namba iliyoandikwa ubavuni. Mpya sharti iwe na kiasi kilekile, na volti zisizopungua zile za awali. Ni kifaa cha bei nafuu sana kikilinganishwa na kompresa, na ndiyo sababu mteja anayeambiwa kwamba "kompresa imekufa" ana haki ya kuuliza kama kapasita imepimwa.

Fundi pia huzungushia waya mita ya kubana ili kujua kompresa inavuta mkondo kiasi gani, kisha hulinganisha na kibandiko cha mtambo. Mkondo uliozidi huashiria koili ya nje iliyochafuka, feni dhaifu au kompresa inayochoka. Mkondo uliopungua huashiria kwamba kompresa haina mzigo wa kutosha, yaani dutu ya kushindilia ni haba. Kwa mwalimu, feni ilizunguka, koili ya nje ilikuwa safi, na mkondo ulikuwa chini. Sasa, na si kabla ya sasa, fundi ana haki ya kulitaja neno gesi.

Kutafuta Mvujo na Kuuziba

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii haikutungwa kwa ajili ya viyoyozi, lakini hakuna mahali inapofaa zaidi. Kuongeza gesi bila kutafuta tundu ni kujaza maji katika mtungi uliotoboka.

Uchunguzi huanza kwa macho. Ndani ya mirija, mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na dutu ya kupozea, hivyo palipovuja aghalabu huwa na doa la mafuta lililonasa vumbi. Mahali pa kwanza pa kutazamwa ni viungio vya nati vinavyounganisha sehemu ya ndani na ya nje, kwa kuwa hivyo hufungwa nyumbani kwa mkono wa aliyekiweka kiyoyozi, ilhali viungio vingine hufungwa kiwandani. Kisha hupakwa povu la sabuni. Viputo vikianza kuota, tundu limejitaja.

Mvujo ukiwa mdogo mno, mfumo hujazwa naitrojeni kavu kwa kanieneo inayopendekezwa na mtengenezaji, kisha geji hutazamwa kwa saa kadhaa. Hapa pana onyo lisilo na mjadala: oksijeni haitumiki kamwe. Oksijeni yenye kanieneo kubwa inapokutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka na kuua.

Nyuma ya ukuta wa mwalimu, doa la mafuta lilikuwa kwenye nati ya mrija mpana. Ilipofunguliwa, mdomo wa mrija wa shaba ulionekana una ufa mwembamba kama unywele; huenda nati ilikazwa kupita kiasi siku kiyoyozi kilipowekwa. Mafundi watatu walikuwa wameongeza gesi. Hakuna aliyegusa nati hiyo.

Ukarabati wenyewe una mfuatano usiovurugwa. Mabaki ya dutu iliyomo hukusanywa katika mtungi maalumu badala ya kuachiliwa hewani. Mrija hukatwa, mdomo mpya hupanuliwa, nati hukazwa kwa kiasi. Naitrojeni hujaribiwa tena. Baada ya hapo pampu ya kuvuta hewa huunganishwa ili kuondoa hewa na unyevu wote. Hatua hii ndiyo inayorukwa mno na wenye haraka, nayo ndiyo yenye madhara ya siri: unyevu ukibakia ndani huganda katika kijia chembamba na kukiziba, na ukichanganyika na mafuta huzaa asidi inayokula nyaya za kompresa polepole.

Katika hatua hiyo Kisumu lina somo lake la pekee. Vitabu vingi vya ufundi huandikwa kwa kuzingatia usawa wa bahari, na husema geji ishuke hadi karibu inchi 30 za zebaki chini ya sifuri. Fundi wa Mombasa ataukaribia usomaji huo. Fundi wa Kisumu hataufikia hata pampu yake ikiwa mpya, kwa sababu hewa ya mita 1,130 juu ya bahari ina uzito mdogo zaidi. Geji yake itakoma karibu na inchi 26. Asiyejua hilo atailaumu pampu, au atautafuta mvujo usiokuwapo. Jiografia, kumbe, imo hata ndani ya mkoba wa fundi.

Hatimaye dutu ya kupozea hutiwa kwa kupimwa kwenye mizani, kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kukadiria kwa kugusa mrija na kusema "sasa imepoa" si kipimo. Dutu iliyozidi huilemea kompresa sawa na iliyopungua.

Usalama wa Fundi na wa Nyumba

Umeme ukizimwa haimaanishi kwamba hatari imekwisha. Kapasita huweza kuhifadhi chaji na kumpiga mtu dakika kadhaa baada ya swichi kuzimwa. Hutolewa chaji kwa kipingamizi kinachofaa, kisha hupimwa kabla ya kuguswa. Katika viyoyozi vya kisasa vinavyobadilisha kasi ya kompresa, bodi ya nje hubeba zaidi ya volti 300, nayo si mahali pa kujifunzia kwa kubahatisha.

Vilevile, aina ya dutu ni suala la uhai. R-22 na R-410A haziwaki kwa urahisi. R-32 inaweza kuwaka, na R-290, ambayo ni propani, huwaka upesi. Fundi aliyezoea kulehemu mirija ya R-22 bila wasiwasi anaweza kuwasha moto chumbani akifanya vivyo hivyo kwa mtambo mpya. Sharti kibandiko kisomwe kwanza, madirisha yafunguliwe, na dutu mbili zisichanganywe katika mtambo mmoja.

Mbali na chumba, ipo anga. R-22 hudhuru tabaka la ozoni, na kwa sababu hiyo inaondolewa sokoni chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka wa 1987. Nchi zinazoendelea zilisimamisha ongezeko la matumizi ya kundi lake mwaka wa 2013 na zinatarajiwa kuyakomesha, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo, ifikapo mwaka wa 2030. R-410A haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake ikiachiliwa hewani hupasha dunia joto takriban mara 2,088 ya kilo moja ya kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100. Kwa R-32 kiwango hicho ni takriban 675. Marekebisho ya Itifaki hiyo yaliyopitishwa Kigali, Rwanda, mnamo Oktoba 2016, yanalenga kuzipunguza dutu za aina hizi. Hivyo basi, kila "gesi imekwisha" inayotamkwa Milimani ina maana kwamba gesi hiyo iko mahali fulani juu ya ziwa, ikiendelea na kazi nyingine.

Neno "Gesi" na Gharama Yake

Hapa ndipo fundi na mwanaisimu wanapokutana. Nchini Kenya, neno gesi katika matumizi ya kila siku hurejelea kwanza gesi ya kupikia. Mtungi hununuliwa, hutumika, huisha, hubadilishwa. Neno hilohilo linapohamishiwa kwenye kiyoyozi, huhama pamoja na jamii yake ya vitenzi: kuisha, kujaza, kuongeza. Mteja hadanganywi na fundi peke yake. Amekwisha kuandaliwa na lugha. Hamwulizi fundi "imevujia wapi?" kwa sababu hakuna aulizaye mtungi wa jikoni umevujia wapi unapokwisha.

Isitoshe, neno lenyewe ni nusu ya ukweli, kwani dutu hiyo huwa gesi katika sehemu moja ya safari yake na kiowevu katika nyingine. Kiswahili hakikosi njia ya kuunda jina lifaalo. Kama kitenzi egemea kilivyozaa kiegemeo, ndivyo kitenzi pozea kinavyoweza kuzaa kipozeo: kitu cha kupozea. Sentensi "kipozeo kimevuja" ingemwelekeza mteja kwenye tundu kabla hajafungua pochi. Hata hivyo, istilahi haiishi kwa kuundwa tu. Huishi pale fundi wa jua kali anapoona kwamba inamsaidia kueleza kazi yake na kutetea bei yake.

Hali ya lugha karakanani ni ya mseto. Maandishi ya vibandiko na vitabu vya mafunzo ni ya Kiingereza. Mafundi wengi wa Kisumu huzungumza Kidholuo wao kwa wao, na Kiswahili hutumika mteja anapotoka kwingineko. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili, lakini mafunzo ya ufundi bado hutolewa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba maelezo yenye uzito, kama vile hatari ya oksijeni au haja ya kuondoa unyevu, hubakia katika lugha ambayo mwanagenzi aliyejifunzia kazi kando ya barabara huenda hajaimudu. Kukosa neno hapa si suala la mtindo. Mtu anaweza kulehemu mtambo wa R-290 kwa sababu onyo lilikuwa limeandikwa, ila halikusomeka.

Ikumbukwe pia kwamba neno fundi lina nasaba na funda na fundisha. Fundi wa mwalimu alitimiza nasaba hiyo. Kabla ya kuondoka alimwita mwalimu nyuma ya nyumba, akamwonyesha kipande cha mrija kilichokatwa, akamwambia: "Huu hapa ufa wako wa miaka mitatu, mwalimu. Uweke. Siku mtu akikuambia gesi imekwisha, mwonyeshe, umwambie akuonyeshe wake."

Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba kiyoyozi huhamisha joto badala ya kutengeneza baridi. Kwamba uchunguzi wake huanza na maswali, umeme na chujio kabla ya kufikia mirija. Na kwamba dutu ya kupozea haipungui pasipo tundu. Mwenye nyumba anayeyajua hayo anahitaji kumwuliza fundi maswali matatu tu: Je, umepima nini? Je, tundu liko wapi? Je, umeondoa hewa na unyevu kabla ya kutia? Fundi mwaminifu huyafurahia maswali hayo, kwa kuwa humtofautisha na mwenzake.

Kwa upande wa wapenzi wa Kiswahili, kazi iliyo mbele ni kuingia karakanani kwa daftari na adabu, kuyasikiliza maneno ambayo mafundi wa Kibuye na Kondele tayari wanayo, na kuandika miongozo mifupi ya usalama katika lugha inayosomeka. Jioni ile, chumbani kwa ajuza wa Milimani, tofauti ya joto ilipimwa tena ikawa nyuzi 10, na maji yakaanza kudondoka nje ya ukuta, mahali pake. Ajuza alikuwa amelala kabla fundi hajamaliza kukusanya vifaa vyake.